Kikohozi cha Baba Mkwe

Mzee Ambilikile alikuwa na kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa. Alikohoa mara moja tu, kikavu, kila alipokaribia kona ya nyumba ya mwanawe, halafu akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu njiani. Muda huo ulimtosha Subilaga, mke wa mwanawe, kutupa ufagio, kuvuta kanga kichwani na kujitoma migombani. Mzee akapita akitazama chini, na Subilaga naye akatazama maganda ya ndizi mpaka nyayo zikapotea. Ndivyo walivyoishi tangu aolewe. Kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso, hawaitani majina, hawakai chini ya paa moja. Mzee Ambilikile alikuwa mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya wilaya kusoma, lakini katika jambo hili alibaki wa zamani, tena kwa moyo wake wote.

Subilaga alikuwa Mkisi, binti wa wafinyanzi wa kule milima inakoingia ziwani. Kwao mkwe aliheshimiwa pia, ila si kwa kukwepana namna hii. Mwanzoni alicheka peke yake migombani. Kicheko kilikwisha alipogundua kwamba pale nyumbani hakuna mwingine aliyejali yeye yuko wapi. Huwezi kumkwepa mtu bila kumfikiria. Mumewe, Nsajigwa, alimpita mlangoni kama anayepita kinu. Baba mkwe ndiye aliyekumbuka kila asubuhi kwamba Subilaga yupo, akampa nafasi yake.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo maneno yote kati ya wawili hao yalipitia kinywani mwa Nsajigwa. Mwambie mkeo mboga ilikuwa nzuri. Mwambie baba nguo zake zimekauka. Nsajigwa aliyabeba, akiongeza na kupunguza kama mwenye duka asiye na mizani, na hakuna aliyeweza kumkagua.

Lakini kulikuwa na kisiwa. Mto Mbaka ukikaribia kuingia ziwani unagawanyika, na katikati umeacha kipande cha mchanga na matete ambacho watu wa pale walikiita kisiwa cha Mwambipile. Hapo ndipo Chama cha Nyota kilipojenga kibanda chake: kuta za matofali ya kuchoma, paa la bati linalosukumwa kando juu ya mbao mbili zilizopakwa mafuta, na ndani, juu ya mguu wa chuma uliofungwa kwa nati kwenye saruji, darubini. Mmisionari mmoja aliiacha alipokuwa anarudi kwao, nayo ikawa ya chama. Wanachama walikuwa Mzee Ambilikile mwenyewe. Hamza, mwenye duka pale Ipinda, ambaye babu zake walitoka pwani na alijua kutaja sayari, Zohali na Mshtarii, kabla hajajua kuuza sukari. Nesi wa zahanati. Na wakulima wachache wa mpunga na kokoa. Zamani walikutanika kwenye uwanja wa shule. Watu wakaanza kunong'ona, kwa sababu watu wazima wanaokutana gizani bila pombe lazima wana lao. Serikali ya kijiji ikawaomba, kwa heshima zote, wakatazamie nyota zao mbali kidogo.

Subilaga hakuwa mwanachama. Angekuwaje, na mwenyekiti ni mkwewe? Kazi yake ilikuwa kuvuka kwa mtumbwi alfajiri, baada ya wanachama kuondoka, akusanye sahani na kufagia kibanda. Siku ya kwanza alichungulia kwa wizi. Darubini ilielekea mahali patupu kabisa. Alikuwa karibu kuondoa jicho ndipo ukingoni mwa kioo kikaingia kitu kidogo chenye pete, kikaelea polepole kama punje ya mchele kwenye maji, kikatokea upande wa pili. Alikaa chini sakafuni, sahani mapajani, akihema.

Safari iliyofuata ilikuwa vilevile: darubini imeelekezwa patupu, kisha Mshtarii akaja na nukta zake nne pembeni. Nyingine ukaja mwezi uliokonda. Hapo akaelewa. Kila mara kabla ya kuondoka, mzee alikuwa anapiga hesabu ya saa mkwewe atakayofika, anaiacha darubini pale nyota itakapokuwa. Subilaga naye akaanza kuacha chungu cha maji mapya, alichokifinyanga mwenyewe, kando ya mlango. Safari iliyofuata alikikuta kitupu na kimeoshwa. Hawakulizungumza jambo hilo hata siku moja. Na wangelizungumza kwa kinywa cha nani?

*

Kisha zikaja enzi za ruksa. Chama cha ushirika, ambako Nsajigwa alikuwa karani wa mizani, kikaacha kununua kokoa. Wanunuzi wa binafsi walikuja na magari yao na mizani yao, na ghala la ushirika likafungwa kufuli ambalo buibui waliliwahi kuliko fundi. Watu waliokuwa wakimwita Nsajigwa "Bwana Mizani" na kumletea mkungu wa ndizi ili asome vizuri, sasa walimpita barazani wakamwuliza kama amekula. Swali hilo linaonekana la upole. Kwa mtu aliyezoea kuulizwa kama ana nafasi, linachoma.

Wakati huohuo Bwana Eliud, mzaliwa wa Kyela aliyekaa sana Dar es Salaam, alirudi na saruji, mabati ya rangi na neno "uwekezaji". Alijenga kambi ya wageni ufukweni, vibanda vya makuti vyenye vyoo vya ndani, na baraza refu linalotazama ziwa.

Jioni moja Nsajigwa alirudi kutoka kwa Eliud akitembea kwa haraka ya zamani. Subilaga alikuwa anapepeta mpunga, mtoto wao Bupe amelala mgongoni.

"Anaitaka darubini," Nsajigwa alisema.

"Darubini ya nani?"

"Kwani hapa ziko ngapi?"

Ungo ukasimama. "Ile ni ya chama."

"Chama gani, mama Bupe? Nesi kahamishwa. Wale wengine wanalala na kuku siku hizi, mtu akichoka hana nyota. Amebaki baba na Hamza wake. Eliud haombi kununua. Ananipa kazi. Mtunza stoo. Funguo mkononi, daftari, meza. Wageni watakaa barazani waangalie nyota."

"Huko kwao hazipo?"

"Usinichekeshe. Unajua nilivyoitwa leo pale mnadani? Shemeji wa kujitolea, eti kwa kuwa sina kazi." Alitema mate. "Mimi!"

Subilaga alipepeta kidogo. Makapi yalimrukia usoni. "Mwambie baba."

"Nitamwambia."

"Mwambie kwanza, ndipo umjibu Eliud."

"Nenda kamwambie wewe, basi," Nsajigwa alisema na kucheka, na mkewe hakucheka.

Tusimtakase Subilaga. Kazi ile aliitamani. Alikuwa amechoka kununua chumvi kwa kijiko na kuomba moto kwa jirani kama vile kiberiti ni kitu cha ajabu. Alikuwa amechoka zaidi kumwona mwanamume mzima akikaa barazani na kalamu mfukoni. Alipenda nyota, ndiyo. Alipenda pia kulala bila kusikia mumewe akisaga meno. Siku ile alipima yote mawili na akajua, kwa aibu, kipi ni kizito.

*

Walikuja kuichukua masika, siku mzee alipokwenda Kyela kufuatilia malipo yake ya uzeeni. Miezi ya mvua chama hakikutani, anga likiwa limefunikwa, kwa hiyo darubini ilikaa imelala chini ya turubai, na mzee hakuwa na sababu ya kuvuka. Nsajigwa aliichagua siku hiyo vizuri mno.

"Umemwambia?" Subilaga aliuliza. Wafanyakazi wawili wa Eliud walikuwa wanasubiri mtumbwini.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Amekubali."

"Amekubali vipi? Alisema nini?"

"Amesema sawa. Wazee husema sawa. Unataka hotuba?" Nsajigwa hakumtazama usoni. Alikuwa anatafuta kitu cha kuzungushia kioo kisigongwe njiani. "Nipe kanga yako moja."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Subilaga angeweza kusema hapana. Angeweza kusema, tumsubiri mwenyewe arudi, aseme kwa kinywa chake. Alimjua mumewe, alijua anavyokwaruza shingo akiongeza chumvi, na sasa alikuwa anaikwaruza. Lakini alijiambia kwamba yeye ni mke wa mwana tu, na neno la baba mkwe humfikia kwa njia moja, na njia hiyo imekwisha kusema. Mila iliyomficha migombani sasa ikamficha na huku. Aliingia ndani akatoa kanga ya njano yenye mabaka meusi, ile aliyoanika kila wiki kwenye kamba ya uani.

Alivuka nao. Kanga ilikuwa pana kupita kiasi, Nsajigwa akaichana vipande viwili kwa meno, kimoja kikafunga kioo, kingine akakitupa kando bila mtu kujali. Walifungua nati, wakaiinua darubini kama wanaoinua mgonjwa. Subilaga aliifuata kwa macho ikishuka mateteni mpaka mtumbwini, na alipogeuka kufagia, kama alivyozoea, akaona hakuna cha kufagia. Mlangoni kilisimama chungu alichoacha mwisho, kikiwa kitupu, kimeoshwa.

Mzee aliporudi jioni alikohoa konani kama kawaida. Subilaga alikimbilia migombani. Alisikiliza kama mkwewe atagomba, atauliza, atalia. Mzee alipita polepole akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, kama mtu aliyepata chochote kidogo huko mjini.

*

Kazi ya stoo haikuwapo. Kulikuwa na mpwa wa Eliud kutoka mjini, na funguo zilikuwa kiunoni mwake. Nsajigwa alipewa kaptula ya kaki, kofia na filimbi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka ufukweni na kuwafukuza watoto, wachuuzi wa dagaa usipa na akina mama waoshao vyombo, ili wageni waone ziwa peke yake.

"Ni kwa muda," alimwambia mkewe. "Nitapanda."

"Na baba anajua ni filimbi?"

"Baba anajua nina kazi. Inatosha."

Asubuhi moja Subilaga na wanawake wenzake walikwenda kuoga na kufua mahali walipofulia tangu walipoolewa, kwenye mawe ya upande wa kambi. Alikuwa amejifunga kanga kifuani, povu mpaka mabegani, aliposikia kicheko kutoka barazani. Aliinua macho. Darubini ilikuwa pale, imepakwa rangi nyeupe, mguu wake umewekwa juu ya zulia la mkeka. Haikuwa imetazama juu. Ilikuwa imelala sawasawa na ardhi, mdomo wake mweusi umeelekea mawe, na mgeni mmoja mwekundu kwa jua ameinama nyuma yake akimpungia mkono mwenzake aje naye.

Subilaga alijua kioo kile kinavuta kiasi gani. Aliwahi kuona humo milima ya mwezi na vivuli vyake. Alijiinamia majini, mikono kifuani.

Ndipo filimbi ikalia. Nsajigwa alikuwa anakuja mbio kando ya maji, kofia imemshuka machoni, akipungia mikono. "Ondokeni hapo! Ondokeni, akina mama! Si mmeambiwa?" Alifika karibu kabla hajamtambua mkewe. Walitazamana. Barazani wageni walikuwa wanatazama. Nsajigwa alirudisha filimbi mdomoni akaipuliza tena, si kwa nguvu, lakini aliipuliza.

Wanawake waliokota vyombo. Mmoja wao, jirani yao, alisema kwa Kinyakyusa maneno ambayo hayafai kuandikwa, na wengine wakacheka kwa uchungu. Subilaga alitembea mpaka nyumbani na povu lililokauka likimvuta ngozi. Aliwaza jambo moja tu njia nzima: miaka yote hii amemficha uso mzee mmoja aliyemheshimu, na leo ameanikwa mbele ya watu asiowajua, kwa kioo cha mzee huyohuyo.

*

Mwishoni mwa masika mvua ilisimama juu ya ziwa. Anga likaoshwa, nyota zikaanza kuonekana mapema, na mwezi ulikuwa haupo. Alasiri hiyo Subilaga alikuwa nyuma ya nyumba ya mzee, akiacha chakula chake kimefunikwa kama kawaida, aliposikia sauti ya mzee na ya Nsajigwa nyuma ya ukuta.

"Leo nitavuka mapema," mzee alikuwa anasema. "Nipake mbao mafuta, nifute kioo. Nimemtumia Hamza habari, atakuja kesho. Mwaka huu tumechelewa."

"Mto umechafuka, baba. Huko Rungwe bado inanyesha."

"Mto naujua. Mwambie mkeo nitahitaji chungu kimoja cha maji kule. Vyungu vyake vinapoza vizuri."

"Nitamwambia," alisema Nsajigwa.

Subilaga alisimama na sahani mkononi. Basi mzee hakuambiwa. Si kwamba alishangaa. Kilichomuumiza ni kwamba hakushangaa. Mzee alikuwa hatua chache, upande wa pili wa ukuta wa udongo. Ilitosha kusema, baba, usivuke, haipo. Alifungua kinywa. Hakuwahi kumwambia mtu yule neno hata moja maishani, na neno la kwanza lingekuwa hilo. Alifunga kinywa, akaweka sahani chini taratibu isilie.

Alimsubiri mumewe njiani. "Mwambie sasa hivi. Mkimbilie."

"Nimechelewa zamu. Nikikuta filimbi kapewa mwingine, utanilisha wewe?" Nsajigwa alikuwa na macho ya mtu anayelia bila machozi. "Kesho nitamwambia. Leo mto utamrudisha mwenyewe, utaona."

Mto haukumrudisha. Ulisubiri avuke. Jua lilikuwa limeanza kulala Subilaga alipokwenda kuosha masufuria, akakuta maji yamepanda mpaka kwenye njia, mekundu, yamebeba migomba mizima iliyong'olewa huko juu. Katikati ya takataka hizo ukapita mtumbwi wa mzee. Ulikuwa mtupu, ukielea upande upande, kasia limelala ndani yake.

Alipiga kelele. Mto ulikuwa na kelele zaidi. Wanaume walikuwa msibani upande wa Makwale, na yeye alikuwa Mkisi, ameshika kasia kabla ya kushika mchi. Alimkabidhi Bupe kwa jirani, akachukua mtumbwi wa jirani huyohuyo, akaanzia juu kabisa ili mto umshushe kisiwani. Mikono ilikumbuka. Moyo ndio uliosahau kila kitu, hata mila.

Kisiwa kilikuwa kimebaki nusu. Mzee Ambilikile alikuwa ndani ya kibanda, amekaa sakafuni karibu na bolti zilizobaki kwenye saruji, maji yakimlamba miguu. Paa alikuwa amelisukuma kando. Subilaga alivuta kanga kichwani, akageuza uso ukutani, na akasema maneno yake ya kwanza kwa baba mkwe wake.

"Baba, mto unakuja. Twende."

Mzee aliinuka kwa kushika ukuta, akatoka. Subilaga alimshikia mtumbwi bila kumtazama, akasikia uzito wake ukiingia mbele. Ilikuwa nafuu, mwenye kasia hukaa nyuma, na abiria humpa mgongo. Alisukuma. Mkondo uliwanyakua, na kwa muda hapakuwa na baba mkwe wala mke wa mwana, palikuwa na maji tu na magogo ya kukwepa.

Walipofika kwenye maji mapana, yaliyotulia kidogo, mzee aliinua kitu begani bila kugeuka. Kilikuwa kipande cha kanga, njano yenye mabaka meusi, kimechanika ubavuni.

"Hiki ni chako," alisema.

Mtu asiyekutazama uso anaijua kamba yako ya nguo. Subilaga hakuwa ameliwaza hilo. "Ndiyo, baba."

"Nilipokuta hakuna kitu nilidhani ni wezi. Nikasema, nitakwenda polisi, nitakwenda kwa mchungaji. Halafu nikaona hiki." Sauti yake ilikuwa tulivu, ya darasani. "Iko wapi?"

"Kambini. Kwa Eliud."

"Wanatazama nini?"

Kasia lilizama, likatoka, likazama. Subilaga alitamani angeweza kusema Zohali. "Wanatutazama sisi, baba. Tukioga."

Mabega ya mzee yalishuka.

"Nsajigwa alisema amekwisha kukuambia," Subilaga alisema kwa haraka. "Alisema umekubali."

"Na wewe ukamwamini?"

Maji yalikuwa makubwa, na mtu anayepiga kasia ana haki ya kunyamaza. Subilaga aliitumia haki hiyo mpaka ukingoni. Huko walikuwapo watu na taa, wakimpongeza kwa kumwokoa mkwewe, wakisema Wakisi kwa maji hawana mpinzani. Mzee alishuka, akaweka kipande cha kanga juu ya ukingo wa mtumbwi, akakunja vizuri kona zake, akaenda zake.

*

Asubuhi Hamza alifika kutoka Ipinda akisukuma baiskeli, kanzu imepandishwa kwa sababu ya matope. Habari zilikwisha kumfikia. Alikuwa amepita kambini kwanza, akaambiwa baraza ni la wateja. Akanunua soda ya moto ili aguse darubini ya chama chake mwenyewe.

"Kioo cha macho sasa wamekifunga kinyumenyume," alimwambia Nsajigwa, aliyekuwa amekaa kizingitini na kaptula yake ya kaki. "Sikukirekebisha. Nikaona heri wasione."

Nsajigwa alikuwa anasubiri baba yake atoke, aombe radhi au atukanwe, lolote litakalokuja kwanza. Subilaga alikuwa anafagia uani, sikio lote likiwa konani. Alikuwa amepanga. Mzee akikohoa, angekwenda migombani kama siku zote, apige magoti huko, na kwa mara ya pili maishani azungumze naye: aseme, sikumwamini, baba, nilijua, nisamehe. Alihitaji kikohozi tu.

Nyayo zilikuja. Hazikusimama. Mzee Ambilikile alizunguka kona, fimbo mkononi, akaja moja kwa moja katikati ya ua mpaka mbele ya Subilaga, aliyekutwa na ufagio mkononi na kichwa wazi. Akamtazama usoni. Yalikuwa macho ya kahawia, yameanza kuingiwa na ukungu, na Subilaga alikuwa hajawahi kuyaona.

"Ugonile, mama," mzee alisema. Ni salamu ya asubuhi anayopewa mtu yeyote: muuza maandazi, mpita njia, mgeni anayeuliza njia ya Kyela.

"Ndaga, baba," Subilaga alijibu.

"Mto umepungua."

"Ndiyo, baba."

Mzee akamsalimia Hamza, akamsalimia mwanawe kwa sauti ileile, akashika njia ya shamba.

Nsajigwa alishusha pumzi ndefu. Uso ulimchangamka kama wa mtu aliyefutiwa kesi. "Umeona?" alimwambia mkewe. "Umeona, mama Bupe? Kakusalimia! Uso kwa uso, mchana kweupe! Yale mambo ya kizamani yamekwisha. Nilijua atatulia. Sasa tutaishi kama watu."

Hamza, ambaye hakuwa Mnyakyusa lakini alikuwa ameishi nao tangu kuzaliwa, aliinama akaanza kukagua mnyororo wa baiskeli yake, ingawa haukuwa na kasoro.

Subilaga alimaliza kufagia. Siku iliyofuata aliamka mapema, na aliposikia nyayo konani hakusubiri. Alitupa ufagio, akavuta kanga kichwani, akajitoma migombani mahali pake pa siku zote, akakaza macho kwenye maganda ya ndizi. Nyayo zikakaribia, zikafika usawa wake. Akasubiri kile kikohozi.

"Ugonile, mama," mzee alisema kuelekea migombani, akapita.